Mkanda

Bandari ya Härnösand, Januari, saa tisa alasiri,
na jua limeshafunga duka.
Falka namba mbili imejaa punje za mbao,
ndogo kama chakula cha kuku,
zanukia kiti kipya.
Nani aogope kiti kipya?

Crisanto alitaka fagio tu.
Alilisahau jana kwenye kituo cha ngazi,
hatua saba chini ya mfuniko,
na serahangi alikuwa amekwisha kumfokea mara mbili.
Hatua saba. Nilizihesabu baadaye, falka ikiwa tupu,
kipima hewa kifuani kinalia tit, tit, kama kifaranga.
Siku ile kilikuwa ofisini, droo ya tatu,
betri zake zimekopwa
na rimoti ya televisheni.

Mbao hupumua. Hilo hatukuambiwa.
Hapana, tuliambiwa.
Lipo bango karibu na birika la kahawa:
mtu asiye na uso ameanguka,
mstari mwekundu umempita juu.
Tulilitazama bango lile mpaka likawa ukuta.

Mbao hula hewa kimyakimya,
na kinachobaki hakina rangi, hakina harufu,
hakimkohozi mtu, hakimwashi macho.
Crisanto hakupiga kelele.
Aliketi ngazini kama mtu aliyekumbuka jambo,
kisha akajiinamia kulitafuta.

Dionisio akaja mbio, glavu mkono mmoja.
Shemeji yake yuko pale, karibu hivi,
unaweza kuhesabu nyuzi za sweta yake,
na mguu wa kulia wa Dionisio umeshaingia tunduni.

Nilimshika mkanda.
Mkanda wa ngozi, wa kununuliwa Iloilo,
bizimu yake ya shaba ina kichwa cha jogoo.
Alinipiga kiwiko cha pua. Nikashikilia.
Aliniita jina ambalo mama hajui
kwamba mimi nalijua. Nikashikilia.
Akabadili sauti, akabembeleza:
Efren, ndugu yangu, dakika moja tu, naingia natoka.
Nami kifudifudi juu ya barafu ya sitaha,
damu inanichezea mdomoni,
napiga ukelele: Mtungi! Barakoa! Leteni mtungi!

Dakika kumi na moja
za kumzuia mtu asipende.

Damu nzito kuliko maji, wanasema.
Sawa. Nani aliyewahi kuipima na hewa?
Chuoni Bibi Salvacion alituandikia ubaoni:
wa kwanza huuawa na falka,
wa pili huuawa na moyo wake.
Tulinakili. Tulidhani litakuja kwenye mtihani.

Usiku nahodha Ozols alinisukumia karatasi mezani,
kibali cha kuingia falka, visanduku vyote vitupu.
"Jaza," akasema, macho yake kwenye dirisha.
"Weka saa ya asubuhi."
Hewa ilipimwa? Nikaandika: hapana.
Mlinzi alisimama mlangoni? Hapana.
Mtungi wa uokozi ulikuwa tayari?
Ulikuwa nyuma ya makreti ya soda. Hapana.
Kalamu ilikuwa na baridi, ikagoma,
nikaipasha mdomoni na kuendelea.
Mkataba wangu haukurefushwa.

Miaka sita sasa Dionisio hajanisalimu.
Kwenye mazishi alihama benchi.
Nasikia bado huwaambia watu wa kwao:
alikuwepo pale, alikuwa na mikono miwili,
na mikono yote miwili aliitumia kunizuia.
Ni kweli. Kila neno ni kweli.

Ila mkewe hunitumia picha kila Desemba,
kwa siri, bila maandishi.
Ya mwaka huu: ua wa nyuma, beseni, mtoto wa kike
analowesha mbwa asiyetaka kuoga,
na Dionisio amesimama pembeni, hajui kama anapigwa.
Amevaa mkanda uleule.
Tundu la tatu limevutika, refu,
kama jicho linalosinzia.
Hapo ndipo uzito wetu sote wawili ulipokaa.

Halitumii tena tundu hilo.
Amenenepa.
Yuko kwenye la mwisho.